Msikilizaji Yuko Wapi?

Mtahiniwa wa kidato cha nne nchini Kenya hupimwa stadi za kuzungumza bila kufungua mdomo. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wake wa kitaifa, KCSE, ina alama 60, na 30 kati yake ni za stadi za mazungumzo. Mtahiniwa anaulizwa mkazo unakaa kwenye silabi ipi, maneno gani yanatamkwa sawa, angetumia ishara gani za mikono akighani shairi alilowekewa. Majibu yote anayaandika, chumba kizima kikiwa kimya. Mwenzake aliyechagua Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu huitwa mbele ya mtahini, akaulizwa, akajibu kwa sauti yake. Kiswahili, lugha ya taifa, kina karatasi tatu za insha, lugha na fasihi, na zote ni za kuandika. Tanzania nako mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne huanza na kuisha kwa kalamu.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wa kufundisha kuzungumza hadharani katika darasa la kidijitali kwa kawaida huanzia kwenye vifaa. Watu huuliza ni programu gani itumike, vishikwambi vitatosha wangapi, bando atalipia nani. Maswali hayo yana uzito wake. Lakini shule zetu ziliacha kumsikiliza mwanafunzi kabla skrini hazijaingia darasani, na skrini ilipofika ilikuta pengo limekwishachimbwa. Msimamo wangu ni huu: anayemfundisha mtu kusema ni msikilizaji wake. Ni yule anayekunja uso asipoelewa, anayecheka mahali pasipokusudiwa kicheko, anayenyoosha mkono na kuuliza, "Ushahidi wako uko wapi?" Teknolojia inayomletea mwanafunzi msikilizaji wa namna hiyo inamsaidia. Inayomwondoa inamdhuru, hata picha ikiwa safi na sauti haikwaruzi.

Tupige hesabu ya kawaida. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Darasa lina wanafunzi 60, na wapo walimu wengi watakaosema hilo ni darasa dogo. Kila mmoja akipewa dakika tatu za kusimama na kuzungumza, bila maswali wala maoni ya mwalimu, zamu moja ya darasa zima inakula dakika 180, yaani vipindi vinne na nusu. Mwalimu anayedaiwa kumaliza silabasi hawezi kuvitoa. Anawachagua walewale watatu au wanne wenye ulimi mwepesi, wanawakilisha vikundi vyao, na waliobaki wanapiga makofi kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Chuoni hali ni ileile kwa kipimo kikubwa zaidi. Somo la stadi za mawasiliano, ambalo katika vyuo vingi vya Kenya na Tanzania ni la lazima kwa mwaka wa kwanza, hufundishwa ukumbini kwa mamia ya watu, mhadhiri akieleza kwa slaidi namna hotuba nzuri inavyotolewa.

Haikuwa hivyo kila mahali wala kila wakati. Shule zetu zina mila ya mdahalo, na yeyote aliyeupitia anakumbuka mpangilio wake: mwenyekiti mezani, katibu pembeni, mtunza muda na kengele yake, wasemaji wakuu wa kuunga mkono na wa kupinga. Salamu peke yake ilikuwa ndefu, "Mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda, walimu na wanafunzi wenzangu", na ndani yake msemaji alikuwa anapata nafasi ya kutuliza pumzi na kuwatazama watu. Hoja nyingi zilikuwa za kurudiarudia, elimu na mali, mjini na kijijini. Lakini wasemaji wakuu wakishamaliza, mjadala ulifunguliwa kwa wote, na hapo ndipo mafunzo yalipokuwa. Msichana wa mstari wa nyuma aliyekuwa hajasema neno mwaka mzima angeweza kusimama na kusema, "Taarifa, mwenyekiti," akaibomoa hoja ya kaka mkuu kwa sentensi mbili. Kaka mkuu naye alilazimika kujibu palepale, mbele ya watu waliokwishaanza kupiga meza.

Ngonjera ni tawi jingine la mti huo. Mathias Mnyampala aliikuza kama chombo cha kueneza siasa ya Azimio la Arusha la 1967, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilivyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 viliingia shuleni kwa kishindo. Watoto walipata sauti, mikono, pumzi, na ujasiri wa kusimama mbele ya mgeni rasmi. Kasoro yake ni kwamba mwisho ulijulikana tangu mwanzo: asiyejua anaelimishwa, anakubali, wanaimba pamoja. Mpinzani wa ngonjera hajawahi kushinda. Kwa kukariri ni mafunzo mazuri, kwa kufikiri papo kwa papo ni haba, na nadhani shule nyingi bado zinachanganya mambo hayo mawili zinapomsifu mtoto aliyekariri hotuba ya dakika tano bila kukosea.

Kuna mfano wa tatu ambao wanaoandika kuhusu elimu na teknolojia huusahau, nao ndio unaonipa matumaini zaidi. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakisikiliza kipindi pamoja, kisha redio ikazimwa na kiongozi wa kikundi akaongoza majadiliano: choo kichimbwe wapi, maji ya kunywa yachemshwe vipi, nani afanye nini kabla ya wiki ijayo. Redio haiwezi kusikia. Waliobuni kampeni ile walilijua hilo, kwa hiyo waliiweka mahali pake, ikaleta habari, na mazungumzo wakawaachia watu waliokaa duara. Darasa la kidijitali lenye akili lingeanza na swali lao: chombo hiki kinaweza kusikia nini, na kisichoweza kukisikia atakisikia nani?

Machi 2020 hatukupata nafasi ya kuuliza hivyo. Shule na vyuo vilifungwa. Tanzania ilivifungua vyote kufikia mwisho wa Juni, lakini wanafunzi wengi wa Kenya hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Vyuo vilivyoweza vilihamia mtandaoni kwa haraka. Darasa la kuwasilisha mada lilionekana hivi: vijisanduku 40 vyeusi vyenye majina, kimoja tu chenye uso. Mwanafunzi anaanza, "Naomba kuuliza kama mnanisikia." Kimya. Mmoja anaandika kwenye gumzo, "Tunakusikia." Anaendelea, anasoma slaidi zake neno kwa neno, na katikati ya slaidi ya nne mtandao unakata. Anarudi baada ya dakika mbili, hajui aliachia wapi wala kama kuna aliyebaki. Anamaliza kwa "asanteni kwa kunisikiliza", na hana namna yoyote ya kujua kama alisikilizwa.

Wanafunzi walizima kamera kwa sababu za haki. Video ya saa moja hula mamia ya megabaiti, na kuna asiyetaka wenzake waone chumba anacholala na wadogo zake wanne. Siungi mkono mhadhiri anayelazimisha kamera. Lakini tuelewe kilichopotea. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Tanya Stivers walilinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, wakakuta kwamba katika mazungumzo ya kawaida swali hujibiwa baada ya muda mfupi sana, wastani wa kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Mtandao unaochelewesha sauti kwa nusu sekunde tu unatosha kuvuruga mwendo huo. Watu wawili wanaanza kusema kwa pamoja, wote wananyamaza, kila mmoja anamwambia mwenzake "endelea". Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mwaka 2021 kuhusu uchovu wa mikutano ya video na kutaja vyanzo vinne: nyuso zinazokukodolea macho kwa karibu mno, kujiona mwenyewe muda wote, kukaa bila kusogea, na kazi ya ziada ya kutuma na kusoma ishara za mwili kupitia skrini. Kwa msemaji anayejifunza, hilo la pili ni baya kuliko yote, kwa sababu macho yake yanakwenda kwenye sura yake badala ya kwa watu.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna hasara nyingine, nayo ni kuitikiwa. Hotuba zetu hujengwa kwa mwito na kiitikio. "Hamjambo!" "Hatujambo!" "Tuko pamoja?" "Tuko pamoja!" Mshereheshaji wa harusi, mhubiri, diwani kwenye mkutano wa hadhara, wote hupima ukumbi kwa nguvu ya kiitikio na kubadilisha mwendo kulingana nacho. Kiitikio kikilegea, mzungumzaji anajua ni wakati wa kisa au wa kufunga. Programu mpya zinazomsikiliza mwanafunzi na kumhesabia "eee", "yaani" na "kwa hiyo" zitaziona kauli za mwito kama marudio yasiyo na kazi. Kuhesabu maneno ya kusitasita si ubunifu wa kompyuta. Vilabu vya Toastmasters, vilivyoanzia Marekani mwaka 1924 na vyenye matawi Nairobi na Dar es Salaam, vina mwanachama wa kazi hiyo katika kila mkutano. Tofauti ni kwamba mwanachama huyo yumo ukumbini, na anajua kusitasita kwa woga kunavyotofautiana na kusita kwa kutafuta neno sahihi.

Hapa niseme neno kuhusu ule uganga wa asilimia. Kwenye semina nyingi za mawasiliano utaambiwa maneno hubeba asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti 38 na mwili 55. Namba hizo zimetoka kwenye majaribio mawili ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu hisia za kumpenda au kutompenda mtu pale neno moja linapopingana na sauti au sura. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hazihusu mazungumzo kwa ujumla. Kuzifundisha kama kanuni kunamfanya mwanafunzi aamini kwamba mkao mzuri mbele ya kamera utamwokoa asipokuwa na la kusema. Ninachukizwa na jambo hili kwa sababu huuzwa kwa vijana wanaotafuta kazi, na hulipiwa fedha.

Kitu ambacho kifaa cha kidijitali kinakifanya vizuri kupita mwalimu yeyote ni kurekodi. Hapa hesabu ya dakika 180 inabadilika. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika mbili hauzidi megabaiti moja, na mwanafunzi wa chuo anaweza kuurekodi akiwa kwenye ngazi za bweni. Nimewasikiliza wanafunzi wakifanya zoezi hili na ninajua linavyokwenda. Ujumbe wa kwanza unasomwa kutoka kwenye karatasi, unasikia hata kurasa zikifunuliwa. Anaambiwa aweke karatasi chini, arekodi tena akimweleza mama yake jambo lilelile. Ghafla sauti inashuka, sentensi zinafupika, mfano wa sokoni unaingia bila kuitwa. Wote wawili, yeye na aliyemsikiliza, wanalisikia badiliko lenyewe, na hakuna haja ya kulieleza kwa slaidi. Mwalimu akiwa peke yake, jumbe 60 za dakika mbili ni saa mbili za kusikiliza. Darasa likigawanywa kwa watano watano, kila mmoja anawasikiliza wenzake wanne na kumpelekea kila mmoja swali moja ambalo lazima alijibu kwa sauti. Mwalimu anasikiliza kikundi kimoja au viwili kwa wiki.

Sekondari simu za wanafunzi zimepigwa marufuku katika shule nyingi za nchi zote mbili, na sitarajii hilo libadilike. Lakini baada ya Sensa ya Agosti 2022 serikali ya Tanzania iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu, na Kenya ilipeleka vifaa vya kidijitali katika shule za msingi kuanzia 2016. Kishikwambi kimoja cha mwalimu, kikiwekwa mezani kirekodi mdahalo, kinatosha. Darasa linausikiliza tena kipindi kinachofuata, linasimamisha mahali hoja ilipopotea, na linauliza ingejibiwaje.

Kurekodi kunasaidia pia kwenye woga, ambao ndio kizuizi kikubwa kuliko vyote. Mwaka 2003 Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walichapisha majaribio kuhusu wasemaji wenye woga. Walikuta kwamba msemaji hudhani woga wake unaonekana wazi kuliko unavyoonekana kweli. Walipowaeleza wanafunzi jambo hilo kabla ya kusimama, hotuba zao zilikuwa bora zaidi, kwa maoni yao wenyewe na kwa maoni ya waliowatazama. Mwanafunzi anayejitazama kwenye rekodi hulithibitisha mwenyewe: magoti yaliyokuwa yakigongana hayaonekani, na kimya alichodhani ni cha dakika nzima ni cha sekunde tatu.

Lakini kuna ukimya ambao si woga wa jukwaa, nao ni wa lugha. Tanzania hufundisha kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza. Mradi wa utafiti wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 Tanzania na Afrika Kusini, ulilinganisha masomo yaliyofundishwa kwa Kiingereza na yale ya Kiswahili katika sekondari za Tanzania. Penye Kiingereza wanafunzi walikaa kimya au kuitikia kwa pamoja, na penye Kiswahili waliuliza, walibisha, walitoa mifano. Darasa la kidijitali linalikuza tatizo hili. Hotuba za kuigwa, manukuu yanayojiandika chini ya video, programu za kumsahihisha msemaji, karibu zote ni nzuri kwa Kiingereza na dhaifu kwa Kiswahili. Mwanafunzi anajifunza kwamba kusema vizuri kuna lafudhi fulani, na lafudhi hiyo si ya kwao. Mimi ningeanza kila kozi ya kuzungumza kwa lugha ambayo mwanafunzi anaweza kubishana kwayo, kisha nikahamia Kiingereza baadaye, mtu akiwa ameshajua hoja inavyosimama.

Huku nje ya darasa vijana hawakusubiri mtaala. Mtoto wa miaka 16 anayetengeneza video za TikTok anajua kwamba asipomkamata mtazamaji mapema amempoteza. Anajua kukata maneno ya ziada na kurudia sehemu mara nyingi mpaka ikae sawa. Hizo ni stadi halisi na mwalimu asizidharau. Kinachokosekana ni mtu wa kumkatiza. Tena mtandao wenyewe ulionyesha unavyoweza kumleta. Mwaka 2024, katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha nchini Kenya, vijana walieleza vifungu vya mswada kwa video fupi kwa Kiswahili na lugha nyingine za nchi, na wakakutana kwa maelfu kwenye vyumba vya sauti vya X. Tarehe 5 Julai Rais William Ruto aliingia katika mojawapo ya mazungumzo hayo, na watu wasio na cheo chochote, wengine wakizungumzia walioumizwa na kuuawa, walimuuliza maswali kwa zamu na kumwambia waziwazi pale walipoona hajajibu. Hapakuwa na picha wala slaidi. Kulikuwa na mwongozaji, zamu, muda uliobanwa, na haki ya kuuliza tena, yaani mdahalo wa shule ukiwa umepanuka kuliko ukumbi wowote.

Tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipotolewa kwa umma, jambo hili limekuwa la dharura. Insha ya hotuba ambayo tumeitungia maswali ya mtihani kwa miaka mingi sasa inaandikwa na akili mnemba kwa sekunde chache, ikiwa na "mheshimiwa mgeni rasmi" wake na aya zake sita. Anayeisoma kwa ufasaha hajathibitisha lolote ila kwamba anajua kusoma. Sishauri kupiga marufuku, kwa kuwa chombo hichohicho kinafaa sana kikiambiwa kiwe upande wa pili: mwanafunzi anakipa hoja yake, kinamletea pingamizi kumi, anajiandaa. Ila pingamizi la mashine haliaibishi wala halichekeshi, na mwanafunzi akichoka anaifunga. Bado atahitaji kusimama mbele ya watu 60 waliomkodolea macho na mmoja wao akanyoosha mkono.

Mtaala wa umilisi wa Kenya umetaja mawasiliano na ushirikiano kuwa umilisi wa kwanza miongoni mwa saba, na mtaala mpya wa Tanzania ulianza kutekelezwa Januari 2024 ukiwa na ahadi za namna hiyo. Lakini KPSEA, tathmini ya kitaifa ya gredi ya sita iliyofanyika kwa mara ya kwanza Novemba 2022, ni ya kuchagua jibu. Walimu si wajinga, hufundisha kinachopimwa. Mpaka mabaraza ya mitihani yatakapotoa alama kwa kusema, kila warsha ya teknolojia ya kufundishia itaishia kwenye slaidi nzuri zaidi.

Na upimaji huo sasa unawezekana kuliko wakati wowote. Baraza la Kenya limekuwa likipeleka watahini wa Kifaransa kwa miaka mingi, kwa hiyo utaratibu upo, uanze na Kiswahili. Mwanafunzi azungumze dakika tatu bila karatasi, kisha ajibu maswali ya wenzake kwa dakika tano, kishikwambi cha mwalimu kikirekodi. Mwalimu atoe alama, na baraza lichukue sampuli ya rekodi kutoka kila shule lizihakiki, kama linavyohakiki usahihishaji mwingine. Sauti ya dakika nane ni faili dogo linaloweza kutumwa hata kutoka kata ambayo mtandao wake ni wa kubahatisha. Alama nyingi zaidi ziwe kwenye zile dakika tano za maswali.